Chikungunya, Mahututi na Kuzidiwa: Historia ya Maneno Matatu ya Tiba

Mwaka 1952 yalitokea mambo mawili katika sehemu mbili za dunia, wala wakati ule hapana mtu aliyekuwa na sababu ya kuyahusisha. Katika uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala na katika sehemu za Masasi, watu walianza kushikwa na homa ya ghafla iliyowakunja viungo hata wakashindwa kuinuka. Katika miezi hiyo hiyo, mjini Copenhagen nchini Denmark, hospitali moja ilijaa wagonjwa wa polio walioshindwa kuvuta pumzi, na katika jitihada ya kuwaokoa likazaliwa tawi jipya la tiba. Jambo la kwanza liliipa dunia jina. La pili liliipa dunia kitu, na sisi wasemaji wa Kiswahili tumekuwa tukikitafutia jina tangu hapo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi majina hayo yalivyopatikana, na kuuliza kama njia iliyotumiwa Newala haiwezi kutufaa katika kulitengeneza jina ambalo bado linatusumbua.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yenyewe. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo mtu akisimama huliona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Ardhi ya uwanda huo ni ya kichanga, huinywa mvua yote, na juu yake hapana mito. Kwa hiyo tangu zamani maji yaliteremkiwa mabondeni, na aghalabu yalipandishwa vichwani mwa wanawake. Maji yaliyopatikana kwa taabu kiasi hicho hayamwagwi ovyo. Yalitunzwa ndani ya nyumba, katika mitungi na vyombo vingine, na humo ndimo alimozaliana mbu aitwaye kwa jina la kisayansi Aedes aegypti, ambaye hupenda kuishi na watu chini ya paa moja. Jambo hili la mitungi tutalikuta tena, mbali sana na Newala.

Huduma za tiba za sehemu hizo kwa kiasi kikubwa zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Chama cha kimisioni cha Kianglikana kilichojulikana kwa herufi UMCA kilifika Masasi mwaka 1876, na katika hospitali yake ya Lulindi alifanya kazi kuanzia mwaka 1935 Dakta Leader Stirling, yule ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania toka 1975 hadi 1980. Homa ya mwaka 1952 ilimkuta Lulindi daktari mwingine, Marion Robinson. Mbele yake walikuja watu wenye homa kali iliyowashika kwa ghafla, wenye upele, na zaidi ya yote wenye maumivu ya viungo yasiyo na kifani. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi aliweza kuonekana jioni amejikunja, hawezi kunyoosha goti wala kiwiko. Wengine maumivu hayo yaliwarudia kwa miezi. Ilidhaniwa kuwa ni homa ya dengue, lakini baadhi ya dalili hazikulingana nayo sawasawa.

Habari zikafika Entebbe, Uganda, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki. Kutoka huko mtaalamu W.H.R. Lumsden alikuja kuchunguza namna maradhi yalivyoenea kijiji kwa kijiji, na mwenzake R.W. Ross akavipata virusi vyenyewe katika damu ya wagonjwa na katika mbu, kwa kuvipandikiza katika ubongo wa vitoto vya panya. Robinson na Lumsden walitoa taarifa zao mwaka 1955, naye Ross akafuata mwaka 1956. Hivyo ndivyo ulivyoingia katika vitabu vya tiba ugonjwa ambao hata leo huitwa kwa neno la watu wa Newala: chikungunya.

Hapa msomaji wa jarida hili atataka kutua kidogo. Sehemu hizo za kusini hazina lugha moja. Masasi ni nchi ya Wamakua na Wayao kama ilivyo ya Wamakonde, na Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya shule na ya baraza. Daktari angeweza kuubuni ugonjwa jina la Kilatini, au kuuita kwa jina la wilaya, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Hakufanya hivyo. Aliwasikiliza wagonjwa na kulichukua neno lao. Ni neno la Kimakonde, linalotokana na kitenzi kungunyala, ambacho maana yake ni kujikunja au kukauka kwa kupindika. Na chikungunya ni kile kikunjacho, kile kimpindacho mtu. Silabi ya kwanza, chi-, ni kiambishi cha ngeli, ndugu wa ki- yetu katika kitu na kiti. Msemaji wa Kiswahili anayejua kukunja na kujikunyata huihisi maana hiyo hata kabla ya kuelezwa.

Lililotokea baadaye linastahili kuandikwa kwa masikitiko kidogo. Katika vitabu vingi vya Ulaya na Marekani, neno hili limeelezwa kuwa ni la Kiswahili. Si la Kiswahili. Robinson mwenyewe aliandika waziwazi kuwa limetoka kwa Wamakonde. Kwetu sisi tunaofanya kazi ya istilahi, kukaa kimya huku lugha yetu ikivishwa kilemba kisicho chake si uungwana, hasa tukizingatia ni mara ngapi lugha hizi za jirani zimetukopesha bila ya kutudai. Mfasiri anayekutana na maelezo hayo katika kitabu anachokifasiri hana budi kuyasahihisha. Jambo jingine ni la kuchekesha zaidi. Huko kisiwani Réunion, ambako ugonjwa ulifika baada ya miaka hamsini, wenyeji walilikata neno na kuuita ugonjwa chik tu. Maana yake ni kwamba walilitupa karibu shina zima, wakabaki na kiambishi cha ngeli na kipande cha konsonanti. Mmakonde wa Newala akisikia hivyo atauliza: chi- gani?

Kama Kimakonde kilipewa haki yake nusu, Kiswahili nacho kina dai lake mahali pengine. Mwaka 1870 palitokea Unguja maradhi ya homa na maumivu ya viungo, na daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akikaa huko, aliandika kwamba wazee waliyakumbuka maradhi kama hayo ya mwaka 1823, na kwamba watu waliyaita kidinga pepo. Christie alieleza kuwa jina hilo lina maana ya kushikwa kwa ghafla na pepo, na akaamini kuwa jina la dengue lililozuka visiwani Karibi miaka ya 1827 na 1828 limetokana nalo. Asili ya dengue bado inabishaniwa. Lakini mwaka 1971 mtafiti Donald Carey aliyapitia maelezo ya zamani na kuonyesha kuwa ugonjwa alioueleza Christie unafanana zaidi na chikungunya kuliko na dengue ya leo. Ikiwa ni hivyo, basi jina la Waswahili lilisafiri na kuangukia juu ya ugonjwa mwingine, na ugonjwa wenyewe ukabaki bila jina mpaka Wamakonde walipoupa. Katika miripuko ya dengue iliyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 magazeti yetu yalilifufua neno kidingapopo, kwa maana ile iliyokwisha kuhama.

Desturi ya kuupa ugonjwa jina la kile unachoufanyia mwili haikuwa ya Newala peke yake. Mwaka 1959 huko Uganda ulizuka ugonjwa wa jamaa moja na chikungunya, na Waacholi wakauita o'nyong-nyong, kwa maana ya kuvunja viungo. Nalo likawa jina la kimataifa. Linganisha na Zika, ambalo ni jina la msitu karibu na Entebbe, au virusi vya Naili Magharibi, vilivyopewa jina la wilaya mwaka 1937. Jina la mahali halimwambii muuguzi lolote, na huwatia watu wa mahali hapo doa wasilolistahili. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu kuyapa maradhi majina, lilishauri kuepuka majina ya mahali na kufuata dalili na asili ya ugonjwa. Wagonjwa wa Newala walikwisha kufanya hivyo miaka sitini kabla.

Sasa tuingie katika neno la pili. Kwa miongo mitano chikungunya ilihesabiwa kuwa ugonjwa unaotesa lakini usioua. Mwaka 2004 ulizuka Lamu na Mombasa, wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka akiba ya maji majumbani, mitungi tena. Toka pwani ya Kenya ukavuka hadi Ngazija, na mwaka 2005 na 2006 ukafika Réunion, ambako inakisiwa kuwa watu wapatao 266,000, yaani karibu theluthi moja ya wakazi wote, waliugua. Huko palikuwa na hospitali zenye vyumba na mitambo ya kuwahudumia wagonjwa walio katika hatari, na kwa mara ya kwanza madaktari waliona wazi upande ambao Lulindi isingeweza kuuonyesha. Watoto waliozaliwa na mama waliokuwa na virusi katika damu wakati wa uchungu waliambukizwa karibu nusu yao, na kati ya hao waliougua vikali wengi walishikwa ubongo. Watu wazima, hasa wazee na wenye maradhi mengine, walishindwa na moyo, mapafu au figo. Uchunguzi mmoja ulihusu watu wazima 610 waliopata dalili zisizo za kawaida. 222 kati yao walihesabiwa kuwa wagonjwa vikali, na 65 walifariki.

Angalia jinsi watafiti hao walivyoamua ni nani mgonjwa vikali. Hawakutazama ukali wa homa wala wingi wa maumivu. Walisema ni yule ambaye angalau kazi moja ya mwili inayomweka hai imeshindwa, akahitaji kusaidiwa aendelee nayo. Fikra hiyo haikuanzia Réunion. Ilianzia Copenhagen, katika ule mwaka wa 1952.

Hospitali ya Blegdam ilikuwa na chombo kimoja tu cha kumfunika mgonjwa mwili mzima ili kimvutishe pumzi, na vingine vichache vidogo. Katika wiki tatu za kwanza, kati ya wagonjwa 31 waliopooza misuli ya kupumulia walikufa 27. Ndipo alipoitwa Bjørn Ibsen, mtaalamu wa usingizi wa upasuaji. Tarehe 27 Agosti mtoto wa kike wa miaka 12 alitobolewa koo, Ibsen akapitisha mpira, akawa anamjaza hewa mapafuni kwa kuubonyeza mfuko kwa mkono. Mtoto akanusurika. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapanga zamu, usiku na mchana, kila mmoja akiketi kando ya kitanda na kubonyeza mfuko, na idadi ya waliokufa ikashuka chini ya nusu. Desemba 1953 Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya mji huo chumba maalumu cha wagonjwa wa namna hiyo, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake.

Kila lugha ilipokipokea kitu hicho ilikitazama kwa jicho lake. Waingereza walikiita kwa wingi wa juhudi inayotumika ndani yake. Waarabu walizungumza juu ya uangalizi uliokusanywa mahali pamoja. Wafaransa walikuwa na ujasiri zaidi: wao hukiita kwa neno lenye maana ya kurudisha uhai. Lugha hizo tatu zinataja kazi ya mganga. Kiswahili kilimtazama mgonjwa, kikasema chumba cha wagonjwa mahututi. Wapo waliosema chumba cha uangalizi maalumu, na jina hilo pia limeenea katika hospitali zetu. Lakini katika habari za magazeti na katika vinywa vya watu mahututi ndilo lililotia mizizi, likishindana tu na herufi tatu za Kiingereza, ICU, ambazo hutamkwa zilivyo.

Neno mahututi ni zuri. Lina uzito, lina historia, na hakuna asiyelijua. Kamusi zetu hulieleza kuwa ni hali ya kuzidiwa na ugonjwa hata kukaribia kufa. Ugumu umo katika maneno hayo ya mwisho. Ndugu wa mgonjwa anapoelezwa kuwa mzee wake amepelekwa katika chumba cha mahututi, husikia kuwa amepelekwa mahali pa kufia. Mhasibu wa wilaya anaposoma katika bajeti kuwa zinaombwa fedha kwa ajili ya mahututi, huenda akajiuliza kwa nini asiwape kwanza wale wenye matumaini. Haya si mambo ya lugha tupu. Huamua ni nani aharakishwe na ni nani aachwe.

Kwa haki ya lugha yetu yafaa kusema kwamba mahututi hapo kale hakukuwa ndiyo ngazi ya mwisho. Baada yake ipo sakarati ya mauti, hali ya mtu anayekata roho. Waliotutangulia walijua kuzitenganisha hali hizo mbili: aliye mahututi huombewa apone, aliye katika sakarati husomewa. Matumizi ya siku hizi yameiacha sakarati katika vitabu vya dini na kulisukuma mahututi mpaka kwenye ukingo ule. Wengine hutumia neno hilo hata kwa mashirika yaliyofilisika, wala hawamaanishi kuwa yatafufuka.

Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Mmalawi Raphael Kayambankadzanja walitangaza fasili ya hali hii, wakiwa wamechambua jinsi neno lake la Kiingereza linavyotumiwa na wataalamu. Fasili yao ina sehemu tatu: kiungo muhimu kimeshindwa kazi yake, upo uwezekano mkubwa wa kufa upesi ikiwa huduma haitatolewa, na ipo nafasi ya hali hiyo kugeuka. Sehemu mbili za kwanza mahututi inazibeba bila taabu. Ya tatu haiibebi hata kidogo, nayo ndiyo inayoifanya kazi yote iwe na maana. Mfasiri atakayetia mahututi katika mwongozo wa hospitali atakuwa amefasiri theluthi mbili tu.

Ipo sababu nyingine, na hii imekuja na tarakimu. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2025 uliwahesabu kwa siku moja wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mmoja kati ya wanane alikuwa katika hali hiyo ya hatari, na mmoja kati ya watano wa hao alifariki katika siku saba. Lakini saba kati ya kumi hawakuwamo katika chumba maalumu chochote. Walikuwa wamelala katika wodi za kawaida pamoja na wengine, na zaidi ya nusu hawakupata hata huduma za awali kama vile oksijeni au maji ya mshipani. Tunapolifunga neno mahututi katika jina la chumba, mgonjwa aliye nje ya chumba huwa hana jina; na asiye na jina katika daftari la zamu ni vigumu kuonekana.

Utafiti uliofanyika hapa kwetu unaonyesha kuwa kuonekana huko kwaweza kumwokoa. Katika chumba cha wagonjwa hao cha hospitali ya Muhimbili, Tim Baker na wenzake wa Tanzania na Sweden walijaribu jambo rahisi: waliweka viwango vya hatari vya pumzi, mapigo, shinikizo la damu, oksijeni na fahamu, na kwa kila kiwango wakaandika ni nini muuguzi afanye papo hapo. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2015 hayakuonyesha tofauti ya hakika kwa wagonjwa wote kwa jumla. Lakini kwa wale waliofika wakiwa na shinikizo la damu lililoshuka, vifo vilipungua toka kama 92 hadi kama 69 katika kila mia. Miaka sita baadaye Carl Otto Schell, Baker na wenzao wa Muhimbili, Ifakara na kwingineko waliwauliza wataalamu 269 wa nchi 59 ni huduma zipi ambazo kila hospitali, hata ndogo, yapasa kumpa mgonjwa wa namna hiyo. Walikubaliana juu ya 40. Nyingi kati yake hazihitaji mtambo: kumlaza ubavu asiye na fahamu, kumketisha anayehema, kufungua njia ya hewa, kuita mwenzako. Hayo yanaweza kufanyika Newala, Ndanda na Mkomaindo leo hii, bila ya kungoja chumba kijengwe.

Neno gani basi lingemfaa mgonjwa huyo? Kwa maoni ya mwandishi, tunalo tayari, nalo ni kuzidiwa. Sikiliza watu wanavyosema: "Usiku alizidiwa, tukamkimbiza hospitali, leo hajambo kidogo." Ni kitenzi, kwa hiyo kina kabla na baada. Kinaeleza mtu aliyebeba mzigo uliopita nguvu zake, na mzigo mtu husaidiwa kuutua. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kuwa wodini, kliniki, au nyumbani kabla hajafika kokote. Pia neno hili huvumilia maswali ya kitaalamu: amezidiwa na nini, pumzi au mzunguko wa damu au fahamu? Hali yenyewe ingeitwa kuzidiwa, na zile huduma 40 zingeitwa huduma za lazima kwa aliyezidiwa. Chumba kibaki cha uangalizi maalumu. Mahututi liachwe kwa yule aliyezidiwa mpaka mwisho wa nguvu, na sakarati irudishiwe kazi yake. Watakaopinga watasema kuzidiwa ni neno la mitaani mno, na kwamba hutumika hata kwa aliyekunywa au kula kupita kiasi. Chikungunya nalo lilikuwa neno la mitaani, au tuseme la vijijini.

Hatari ya kufasiri neno na kuliacha jambo inaonekana wazi zaidi katika istilahi moja jirani. Madaktari wana hali ambamo damu haifiki vya kutosha katika viungo, mikono na miguu hupoa, na mgonjwa hulegea. Kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo maana yake nyingine ni kugutuka, na sisi tumelifasiri maana ile nyingine, tukasema mshtuko. Mama akiambiwa mtoto wake ana mshtuko atafikiri ameogopeshwa, na huenda akatafuta dawa ya hofu. Hali hiyo ndiyo iliyochunguzwa toka 2009 hadi 2011 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo ya Teule huko Muheza, chini ya Kathryn Maitland. Walishirikishwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika. Vitabu vyote vilifundisha kuwa watoto kama hao watiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Baada ya saa 48, katika kila mia ya waliotiwa maji hayo walikufa kama 10 na nusu. Kati ya wasiotiwa walikufa 7 na kidogo. Matokeo hayo yaliushangaza ulimwengu wa tiba, kwa kuwa fundisho lililovunjwa lilitoka katika nchi zenye vyumba na mitambo, ambako mtoto aliyejazwa maji akilemewa mapafu au moyo aweza kusaidiwa upesi.

Mwalimu wa chuo cha uuguzi atakayetaka kulieleza jambo hili kwa Kiswahili atashindwa mara moja akianza na mshtuko, kwani mwanafunzi atauliza maji yanahusianaje na hofu. Akisema kudhoofu kwa mzunguko wa damu, swali lenyewe linasimama wima: damu inadhoofu kufika, je, kuongeza maji kunasaidia au kunaudhuru moyo? Hapo maneno yanamwongoza mwanafunzi mpaka mlangoni pa utafiti.

Limebaki neno moja ambalo halijatulia, nalo ni la ule mtambo uliochukua nafasi ya mikono ya wanafunzi wa Copenhagen. Wakati wa ugonjwa wa korona, ambao kwa Kiswahili ulipewa jina la UVIKO-19, mtambo huo ulitajwa kila siku redioni kuwa mashine ya kupumulia. Lakini kupumulia ni kazi ya mgonjwa mwenyewe: hupumulia pua, hupumulia mpira wa oksijeni, na wapo wagonjwa wa pumu wanaopumulia vikopo vyao vya dawa wakiwa wamesimama. Mtambo tunaousema hapa humfanyia kazi hiyo yule asiyeweza. Baadhi ya wafasiri wamependelea kupumuza, ambalo liko karibu mno na pumziko na mapumziko, jambo lisilofaa hata kidogo kando ya kitanda kama hicho. Mwandishi angependekeza mashine ya kupumulisha, na kitenzi kumpumulisha mgonjwa kitumike pia kwa yule anayebonyeza mfuko kwa mkono, kwa kuwa kazi ni ile ile. Wasomaji walio katika hospitali za Masasi na Newala, ambao husikia wauguzi wakisema kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao wanapoharakisha, huenda wana kitenzi kilicho bora zaidi.